Hadithi Yako ni Mali: Kuandika na Kuuza Hadithi za Upelelezi

Ndugu msomaji, umekwisha kujifunza kusoma na kuandika. Sasa unasoma barua zako mwenyewe. Unaandika hesabu ya mazao yako bila kumwomba mtu. Lakini kalamu ina kazi nyingine pia. Kalamu hutunga hadithi, na hadithi nzuri huuzwa kama yanavyouzwa mahindi na maziwa.

Katika somo hili tutazungumza juu ya hadithi zinazosomwa na watu wengi kwa burudani. Hizo ni hadithi za upelelezi, za mapenzi, za safari za hatari na za kutisha. Wataalamu huziita riwaya pendwa, yaani riwaya zinazopendwa na wengi. Tutatazama zaidi zile za upelelezi. Kwanza tutaona zinavyotungwa. Kisha tutaona zinavyouzwa, kwa maana watu wengi wanajua kutunga lakini hawajui kuuza. Mtu wa namna hiyo hulima shamba, halafu mavuno huchukuliwa na mwingine.

1. TUANZIE NJIRO

Tuseme wewe unakaa Njiro. Njiro iko katika jiji la Arusha, upande wa kusini-mashariki. Watu wengi wa mikoa ya kaskazini wanaifahamu kwa sababu ya viwanja vya maonyesho ya wakulima vya Themi. Kila mwaka, mwezi wa Agosti, wakulima na wafugaji hukusanyika hapo kwa sikukuu ya Nane Nane. Siku isiyo na mawingu, ukisimama hapo unauona Mlima Meru upande wa kaskazini.

Njiro wanakaa watu wa kila aina. Kuna wafanyakazi wa ofisini, wanafunzi wa vyuo, madereva, mafundi, mama lishe na walinzi wa usiku. Kila mmoja ameona jambo. Kwa mwandishi, hiyo ni ghala iliyojaa.

Tena Arusha si ngeni katika kazi ya vitabu. Zamani nchi za Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa na shirika moja la vitabu, East African Literature Bureau, lenye makao yake Nairobi. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo makao yake makuu yalikuwa Arusha, ilivunjika mwaka 1977. Shirika hilo nalo likafa. Baada ya hapo shirika la Tanzania lililoitwa Eastern Africa Publications lilichapisha vitabu likiwa hapa Arusha. Kwa hiyo mtu wa Njiro anayetaka kuandika kitabu anafuata njia iliyokwisha kanyagwa.

2. WALIOTUTANGULIA

Baba wa hadithi za upelelezi za Kiswahili ni Muhammed Said Abdulla. Alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Katika mashindano ya kuandika hadithi ya mwaka 1957 na 1958, yaliyoandaliwa na East African Literature Bureau, yeye alipata zawadi ya kwanza. Hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilitolewa kama kitabu mwaka 1960. Mpelelezi wake ni Bwana Msa, mtu mtulivu mwenye kiko, anayefuatana na rafiki yake Najum. Wasomaji waliokuwa wamesoma hadithi za Kiingereza za Sherlock Holmes waliona mara moja kwamba wawili hawa ni ndugu. Lakini Bwana Msa anaishi na watu wa Unguja, anazungumza Kiswahili chao na anajua mambo yao. Kwa sababu hiyo watu walimkubali. Abdulla aliendelea kuandika juu yake katika vitabu vingine, kama Kisima cha Giningi mwaka 1968 na Siri ya Sifuri mwaka 1974.

Kumbuka jambo moja juu ya mzee huyu. Alikuwa na kazi nyingine. Aliwahi kuwa mkaguzi wa afya, na tangu mwaka 1958 hadi mwaka 1968 alikuwa mhariri wa gazeti la wakulima la Zanzibar, lililoitwa Mkulima. Mchana alishughulika na habari za mazao. Hadithi zake hazikumzuia kufanya kazi, na kazi haikumzuia kuandika.

Upande wa Bara alikuja Faraji Katalambulla, aliyetoa Simu ya Kifo mwaka 1965. Kisha alikuja Elvis Musiba. Kitabu chake cha Kufa na Kupona kilitoka mwaka 1974. Humo tunamkuta Willy Gamba, mpelelezi anayepambana na maadui wa ukombozi wa Afrika. Wakati huo nchi za kusini bado zilikuwa zinapigania uhuru, na kamati ya ukombozi ya nchi za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam. Musiba aliyachukua mambo yaliyokuwa yakizungumzwa kila siku, akayatia katika hadithi. Naye pia alikuwa na shughuli nyingine: alikuwa mfanyabiashara. Baadaye Ben Mtobwa alimleta Joram Kiango, na vitabu vyake vilipita mkono hadi mkono.

Kwa nini hadithi hizi zilienea sana miaka hiyo? Sababu moja ni madarasa kama hili lako. Mwaka 1967, kwa hesabu za Serikali, watu wazima 67 katika kila 100 hapa Tanzania hawakujua kusoma. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kufikia mwaka 1975 wasiojua kusoma walikuwa 39 katika kila 100. Mwaka 1986 walikuwa karibu 10 tu. Mtu akijua kusoma hutaka kitu cha kusoma. Hadithi za upelelezi zilikuwa fupi, za bei nafuu na za Kiswahili chepesi.

Lakini katika miaka ya 1980 karatasi ilikuwa adimu, na mashirika ya vitabu yalikuwa na hali ngumu. Mswada uliweza kukaa mezani miaka mingi. Ndiyo maana waandishi kadhaa waliamua kujichapishia wenyewe. Mtobwa alianzisha kampuni yake ya Heko. Wengine walichukua miswada yao hadi kwenye mitambo ya kupiga chapa, wakalipa, kisha wakazunguka na vitabu mkononi. Baadhi walipata faida. Wengine walibaki na maboksi ya vitabu chini ya vitanda. Tutaona sababu yake hapa chini, katika hesabu.

3. HADITHI NI AHADI

Wewe unajua kutega kitendawili. Unasema, "Kitendawili!" Wenzako wanajibu, "Tega!" Kuanzia hapo umetoa ahadi. Wenzako watahangaika kutafuta jibu, na wewe mwishoni lazima uwape jibu ambalo ni la haki. Ukitoa jibu lisilolingana na kitendawili, watakasirika, na siku nyingine hawatakwambia utege.

Hadithi ya upelelezi ni kitendawili kirefu. Ina sheria 3.

Kwanza: Swali kubwa lije mapema. Msomaji ajue katika kurasa za mwanzo ni jambo gani linatafutwa. Nani kaua? Fedha zimekwenda wapi?

Pili: Dalili zote msomaji azione. Usimfiche. Mwache azione, lakini azipite bila kuzitilia maanani.

Tatu: Jibu litoke ndani ya hadithi. Mwizi asiwe mtu anayeingia katika ukurasa wa mwisho, ambaye hatukuwahi kumwona.

Tuchukue mfano wa kutunga. Katika kijiji kimoja mlimani Meru, ghala ya kahawa ya chama cha ushirika inakutwa tupu asubuhi. Magunia 15 hayapo. Kufuli halikuvunjwa. Funguo ni mbili: moja anayo katibu, nyingine anayo mweka hazina. Usiku kucha, tangu saa 3, ilikuwa inanyesha mvua ya vuli. Hilo ndilo swali letu: nani amechukua kahawa ya wanachama?

Mpelelezi wako si lazima avute kiko kama Bwana Msa. Anaweza kuwa mama lishe wa Njiro, ambaye anawapikia madereva na kusikia mazungumzo yao. Ndugu zake wako kijijini, na kahawa yao ni sehemu ya ile iliyoibwa. Ada ya shule ya watoto wao ilikuwa itoke humo. Anapanda mlimani kuwapa pole. Hapo tayari msomaji ana sababu ya kumtakia mama huyu ushindi.

Sasa weka dalili. Katibu anasema, "Pikapu yangu haikutoka hapa uani tangu jana saa 12 jioni." Pikapu imesimama mahali pa juu, pasipopita maji. Mama lishe anatoa fedha kumlipa mtoto aliyemletea ndizi. Sarafu moja inaanguka, inaviringika chini ya pikapu. Anainama, anaiokota, anaifuta matope kwa kanga yake. Hadithi inaendelea. Msomaji amesoma maneno hayo na kuyapita.

Mwishoni mama lishe anasema: "Kama gari lilisimama pale kabla ya mvua kuanza, chini yake pangekuwa pakavu. Mimi nilifuta matope." Msomaji anarudisha kurasa nyuma. Anaona kweli, matope yalikuwapo. Anacheka, anajilaumu kwa kutoyaona, na anatafuta kitabu chako kingine. Ahadi imetimizwa.

Tazama, jambo lenyewe ni dogo. Kila mkulima anajua kwamba chini ya gari hapaloi. Dalili nzuri haihitaji maneno ya kitaalamu. Huhitaji kitu ambacho msomaji alikuwa akikijua siku zote.

Lakini lazima hesabu zako ziwe sahihi. Tukichukulia gunia la kahawa lina kilo 60, magunia 15 ni kilo 900. Pikapu ya tani moja inaweza kuyabeba. Ukiandika magunia 40, hizo ni kilo 2,400. Msomaji ambaye ni dereva atakucheka, na kuanzia hapo hatakuamini tena.

4. KUANDIKA NA KUSAHIHISHA

Usingoje upate nafasi ya siku nzima. Nafasi hiyo haiji. Tenga saa moja kila siku, labda alfajiri kabla ya kwenda shamba. Ukiandika ukurasa mmoja kwa siku, kwa miezi 4 utakuwa na kurasa 120. Hicho ni kitabu.

Kabla ya kuanza, andika mwisho wa hadithi yako katika karatasi moja. Mwandishi wa upelelezi akijua mwisho, anajua pa kupanda dalili.

Ukimaliza, weka mswada kando kwa majuma mawili au matatu. Kisha usome tena kwa sauti. Pale ulimi unapojikwaa, sahihisha. Halafu mpe mtu mwingine asome. Usimpe yule anayekusifu kila siku. Mpe anayependa hadithi za aina hiyo. Mwulize maswali mawili tu: "Ulichoka wapi?" na "Ulimtambua mwizi lini?" Akikwambia alimtambua katika ukurasa wa 10, una kazi ya kufanya.

5. MPIGA CHAPA NA MCHAPISHAJI

Hapa ndipo watu wengi wanapoumia. Tafadhali soma sehemu hii mara mbili.

Mpiga chapa ni mtu mwenye mtambo. Unampa mswada na fedha, yeye anakupa maboksi ya vitabu. Kazi yake imekwisha. Vitabu vikiuzwa au visiuzwe, yeye ameshalipwa.

Mchapishaji ni mtu wa biashara ya vitabu. Anauchagua mswada wako kwa sababu anaamini utauzika. Anatoa fedha zake kumlipa mhariri, mchoraji wa jalada na mpiga chapa. Anavipeleka vitabu madukani. Vikikosa wanunuzi, hasara ni yake. Vikiuzwa, anakulipa wewe fungu linaloitwa mrabaha.

Kwa hiyo, mtu akikwambia, "Mimi ni mchapishaji, nitakitoa kitabu chako," wewe jiulize swali moja: Fedha inatoka mfukoni mwa nani? Ikiwa inatoka mfukoni mwake, huyo ni mchapishaji. Ikiwa inatoka mfukoni mwako, huyo ni mpiga chapa, hata akijiita jina gani. Si vibaya kufanya kazi na mpiga chapa. Vibaya ni kumlipa mpiga chapa huku ukidhani umepata mchapishaji, kisha ukae nyumbani kungoja mrabaha ambao hautakuja.

6. TUFANYE HESABU

Chukua daftari lako. Hesabu hizi ni za mfano tu. Bei halisi utaziuliza mwenyewe kwa wapiga chapa wasiopungua watatu.

Tuseme unajichapishia nakala 500 za kitabu cha kurasa 120.

Kumlipa mhariri: shilingi 300,000.
Kuchora jalada: shilingi 150,000.
Kupiga chapa, nakala 500 kwa shilingi 3,000: shilingi 1,500,000.
Usafiri: shilingi 150,000.
Jumla: shilingi 2,100,000.

Gawanya kwa 500. Kila kitabu kimekugharimu shilingi 4,200.

Unaweka bei ya shilingi 8,000. Lakini mwenye duka hauzi bure. Tuseme anachukua asilimia 30, yaani shilingi 2,400. Wewe unabaki na shilingi 5,600 kwa kila kitabu.

Sasa gawanya 2,100,000 kwa 5,600. Unapata 375. Maana yake ni kwamba vitabu 375 vya kwanza vinarudisha tu fedha yako. Faida inaanza na kitabu cha 376. Ukiuza vyote 500, unapata faida ya shilingi 700,000. Ukiuza 200 tu, umepata shilingi 1,120,000, na umepoteza shilingi 980,000.

Je, fedha hiyo ya kwanza ilitoka wapi? Kama uliuza ng'ombe wa maziwa, au ulichukua mkopo wa kikundi, hasara hiyo haitakuwa ya karatasi. Itakuwa maziwa ya watoto, au aibu mbele ya wenzako wa kikundi. Kwa hiyo usitoe fedha ambayo nyumba yako haiwezi kuikosa. Anza na nakala 100, hata kama kila moja itagharimu zaidi kidogo.

Tena unaweza kuuza mwenyewe bila duka. Hapo shilingi 8,000 yote ni yako, na vitabu 263 vinatosha kurudisha fedha. Lakini lazima utembee. Uende kwenye gulio la Tengeru siku za Jumatano na Jumamosi. Uende kwenye maonyesho ya Nane Nane, kwenye shule, na kwenye stendi ambako abiria wanangoja magari. Miguu yako na siku zako nazo ni gharama. Ziandike katika daftari.

Sasa tazama njia ya mchapishaji. Tuseme anakupa mrabaha wa asilimia 10. Usifurahi kabla ya kuuliza: asilimia 10 ya nini? Ikiwa ni ya bei ya dukani, unapata shilingi 800 kwa kila kitabu. Ikiwa ni ya fedha anayopokea mchapishaji baada ya duka kuchukua fungu lake, unapata shilingi 560. Kwa vitabu 500, ya kwanza ni shilingi 400,000 na ya pili ni shilingi 280,000. Tofauti ni shilingi 120,000, na imetokana na maneno machache katika karatasi. Fungu lako ni dogo kuliko faida ya kujichapishia, lakini wewe hukutoa hata senti, na hukulala ukiwaza maboksi.

7. MKATABA

Usitie sahihi wala dole gumba siku ile ile unayopewa karatasi. Mtu mwaminifu atakuruhusu uende nayo nyumbani. Isome polepole. Kama imeandikwa kwa Kiingereza, omba tafsiri, au mtafute mwalimu unayemwamini akusomee. Tazama mambo haya:

(a) Je, unauza kitabu moja kwa moja, au unamruhusu mchapishaji akitoe kwa muda? Ukiuza moja kwa moja, unalipwa mara moja tu. Kikichapwa mara 10, hupati kitu.

(b) Mrabaha ni asilimia ngapi, ya nini, na unalipwa mwezi gani?

(c) Utaonyeshwa hesabu ya vitabu vilivyouzwa mara ngapi kwa mwaka?

(d) Kitabu kikiisha madukani na mchapishaji asikichape tena, lini haki zako zinarudi kwako?

(e) Nani ana haki ya kukitafsiri, kukisoma redioni au kukifanya filamu? Kama mkataba unasema "haki zote", uliza kwa nini.

Hifadhi nakala ya mkataba mahali pasipovuja.

8. HAKIMILIKI NA WIZI

Hadithi ni mali yako tangu ulipoiandika. Tanzania Bara ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003. Kwa sheria ya Bara, hakimiliki ya kitabu hudumu maisha yote ya mwandishi, na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kwa hiyo wanao na wajukuu wako wanaweza kurithi kitabu kama wanavyorithi shamba. Waandikie wosia.

Sheria hailindi wazo tupu. Mtu mwingine anaweza kuandika juu ya wizi wa kahawa. Lakini hawezi kuchukua maneno yako uliyoyaandika. Ili uwe na ushahidi, andikisha kazi yako katika Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, ambayo wengi wanaijua kwa jina la COSOTA. Weka pia daftari lako la kwanza, lenye mafuto na masahihisho. Mwizi hana daftari la namna hiyo. Kitabu chenyewe kipatie namba ya kimataifa, yaani ISBN, kutoka Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania.

Siku hizi wizi mkubwa hupita kwenye simu. Mtu mmoja ananunua hadithi, anaituma kwa marafiki 50, nao wanaituma kwa wengine. Kila mmoja anadhani hajaiba, kwa kuwa hakushika kitu. Lakini rudi kwenye hesabu yetu. Mwandishi anahitaji wanunuzi 375 ili arudishe fedha yake. Wasomaji 300 wakisoma bure, mtu huyo hataandika kitabu cha pili. Ndugu msomaji, ukiletewa kitabu cha namna hiyo, uliza mwandishi anauza wapi.

9. ANZA KIDOGO

Hadithi nyingi zinazopendwa zilianza magazetini, sehemu moja moja, kila toleo likiishia mahali pa kushtua. Eric Shigongo alijulikana kwa hadithi za namna hiyo katika magazeti ya kampuni yake ya Global Publishers. Waandishi wengi sasa wanafanya hivyo kwenye simu. Wanatoa sehemu chache bure, na anayetaka zilizobaki analipa kwa simu. Njia hii haina karatasi wala maboksi. Tena inakuonyesha mapema kama una wasomaji. Watu 40 tu wakilipa, umejua kwamba nakala 500 bado ni nyingi mno kwako.

Mashindano nayo yapo. Kumbuka kwamba Muhammed Said Abdulla alianzia huko. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023. Kabla ya kupeleka mswada kwenye mashindano yoyote, soma masharti, na ubaki na nakala yako.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Hadithi ni ahadi. Ukitega, tegua kwa haki.
Andika kidogo kila siku. Sahihisha kabla ya kuuza.
Uliza kila mara: Fedha inatoka mfukoni mwa nani?
Fanya hesabu kabla ya kupiga chapa.
Usitie sahihi karatasi usiyoielewa.

MASWALI YA KUJADILIANA DARASANI

1. Katika mfano wetu, mama lishe alijuaje kwamba katibu anasema uongo?
2. Taja tofauti kati ya mpiga chapa na mchapishaji.
3. Kama mwenye duka angechukua asilimia 40, ungehitaji kuuza vitabu vingapi ili urudishe shilingi 2,100,000?
4. Je, mtu akikutumia kitabu kwa simu bila ruhusa ya mwandishi, utafanya nini? Eleza sababu.
5. Fikirieni jambo moja ambalo kila mtu kijijini kwenu analijua, na linaloweza kuwa dalili katika hadithi. Andikeni ukurasa mmoja.

MAANA YA MANENO

Dalili: alama inayosaidia kugundua jambo lililofichika.
Hakimiliki: haki ya mtunzi juu ya kazi aliyoitunga.
Mhariri: mtu anayesahihisha na kutengeneza mswada.
Mrabaha: fungu la fedha analolipwa mwandishi kwa kila kitabu kinachouzwa.
Mswada: maandishi ya kitabu kabla hayajapigwa chapa.